Kisanduku Kimoja cha Fomu Kilivyowakosesha Usingizi Mabinti Wawili Toronto

Wadau, stori ya leo ni ya Toronto, Kanada, na majina yamewekwa kapuni kwa sababu mtakazoziona wenyewe huko mbele. Kuna bidada mmoja wa Kibongo, mpambaji maharusi. Kama unafuatilia harusi za Waswahili wa kule basi kazi zake umeshazipenda bila kumjua. Kila Jumamosi yuko Brampton au Mississauga anampaka mtu poda, anamfunga kilemba, anamfuta machozi yasiharibu wanja. Halafu kuna dada wa Mombasa, mhasibu, mpole, yule wa kusimama nyuma kashika mkoba na chaja. Kwenye picha nyingi za mpambaji huyu dada yupo, ila utaona kiwiko tu, au kivuli ukutani. Wabeba boksi wenzao wanajua hao ni marumeti. Mama kule Dar anajua ni "yule dada Mkenya anayekaa naye". Ukweli ni kwamba ni wapenzi, na wanaishi pamoja mwaka wa tatu sasa.

Siri yao imepangwa vizuri kuliko harusi nyingi. Walichukua nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha pili kina kitanda kimetandikwa shuka la maua, mto, na mkeka wa kuswalia umekunjwa pembeni. Hakijawahi kulaliwa hata usiku mmoja. Ni cha simu za video. Mama akipiga, mpambaji anakimbilia kule, anakaa ukingoni mwa kitanda, anajifanya ndo kwanza anaamka. Sasa piga hesabu: Toronto, mji ambao pango linawatoa watu jasho, wao wanalipia chumba cha kupokelea simu. Siri ina gharama zake jamani.

Mambo yalianza kuwa moto kwenye karatasi. Wote wawili walikuwa Kanada kwa viza za muda. Mpambaji ana kibali cha masomo. Mhasibu alishamaliza chuo, akapata kile kibali cha kazi wanachopewa wahitimu, ambacho hakizidi miaka 3 na hutolewa mara moja tu maishani. Cha kwake kilikuwa kinaelekea ukingoni, na baada ya hapo ni kuondoka au kupata ukaazi wa kudumu, yaani PR kama wanavyouita wenyewe.

Huku nyumbani watu wengi wanadhani ukiwa na mwenza majuu basi mchezo umeisha, anakufadhili unapewa makaratasi. Sio hivyo. Kanada anayeweza kumfadhili mke, mume au mwenza ni raia au mwenye PR tayari. Hawa wawili hakuna aliyekuwa nayo, kwa hiyo hakuna wa kumvuta mwenzake. Njia iliyobaki ilikuwa mmoja aombe PR kwa kazi yake mwenyewe kupitia mfumo wa Express Entry, na humo humo amwandike mwenzake kama mwenza anayefuatana naye. Wa kuomba alikuwa mhasibu, kwa sababu ana kazi ya kitaaluma na zaidi ya mwaka wa uzoefu ndani ya Kanada.

Kuhusu jinsia, Kanada haina neno. Jimbo la Ontario, ambako Toronto iko, lilianza kufungisha ndoa za jinsia moja Juni 2003, na sheria ya nchi nzima ikapita Julai 20, 2005. Uhamiaji nao wanamtambua mke, mume, au mtu uliyeishi naye kama wanandoa kwa miezi 12 mfululizo, awe mwanamke awe mwanaume. Shida haikuwa sheria ya kule. Shida ilikuwa kisanduku kidogo kwenye fomu kinachouliza: hali yako ya ndoa?

Mpambaji ndiye aliyesema kwanza. "Andika huna mtu. Ukishapata PR utanifadhili mimi taratibu." Ukimsikiliza utaona ana pointi. Kwao Tanzania kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfikisha mtu kifungo cha maisha kwa mambo haya. Kenya nako ni hadi miaka 14, na Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Mpambaji alikuwa anawaza faili moja likivuja, skrinshoti moja ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, biashara imekufa na mama hatoki nje. Anaishi kwa kupaka rangi maharusi wa watu wanaoendana naye msikitini na kwenye vikao vya harusi. Woga wake haukuwa wa kufikirika.

Na wabeba boksi wenzao, bila kujua wanamshauri nani, walikuwa wanasema kitu hicho hicho: jaza huna mtu, pointi zinapanda. Hapa hawakosei. Express Entry inakwenda kwa pointi. Mtu wa miaka 20 hadi 29 asiye na mwenza anapata pointi 110 za umri. Mwenye mwenza anapata 100. Elimu nayo inakatwa kidogo, lugha inakatwa, uzoefu unakatwa. Zile zilizokatwa zinahamishiwa kwa mwenza, pointi 40 kwa jumla, ila mpaka yeye mwenyewe azipate kwa elimu yake, kwa mtihani wa lugha na kwa kazi aliyofanya Kanada. Kwa ufupi, kusema ukweli kunakushusha kwenye foleni ambayo pointi kumi tu zinaweza kukuacha nje.

Mhasibu hakujibu siku ile. Alikaa usiku tatu anasoma kanuni kama anavyosoma vitabu vya hesabu vya kampuni. Usiku wa tatu akamwamsha mwenzake.

"Sikiza. Wataka niandike sina mtu? Nikiandika hivyo, wewe ndo sina tena."

Alichokuta ni hiki, na wadau mlioko majuu mkisome mara mbili. Ukipewa PR huku umemficha mwenza, yaani hukumtaja na hakukaguliwa, kanuni inamtoa kwenye orodha ya ndugu unaoweza kuwafadhili baadaye. Sio kwa mwaka mmoja au miwili. Mlango wa kawaida wa familia unafungwa kwake. Juu yake kuna kosa la kutoa taarifa za uongo, ambalo adhabu yake ni kupigwa marufuku miaka 5. Yaani ule mpango wa "utanifadhili taratibu" ndiyo ungewatenganisha. Mpambaji alikuwa anajitoa sadaka kwa mapenzi na sadaka yenyewe ingemwondoa kabisa.

Wapo wajanja wanaoshauri njia ya katikati: mtaje, ila sema hafuatani na wewe, pointi zihesabiwe kama huna mtu. Haya, utamwandikia vipi afisa kuwa mwenzako hafuatani na wewe wakati yuko jikoni kwako Toronto anakaanga mandazi?

Basi wakakubaliana kusema ukweli. Na hapo ndo kazi ilipoanza, maana ukweli wenyewe ulikuwa hauna ushahidi.

Fikiria. Afisa anataka aone mnaishi kama wanandoa: mkataba wa pango, bili, akaunti ya pamoja, picha, barua za watu wanaowajua kama wapenzi. Hawa wametumia miaka mitatu kufuta kila kimoja. Meseji za mapenzi zinafutwa kila Ijumaa, ikiwa mdogo mtu ataazima simu. Picha maelfu, na mpambaji ni fundi wa kukata picha, kakata mkono, kakata bega, kakata hata kivuli kwenye kioo. Kwenye fomu za kodi wote walijaza hawana mwenza, miaka miwili, na mamlaka ya kodi ya Kanada nayo inahesabu mkiishi pamoja kama wapenzi miezi 12 basi nyie ni wenza. Kwa hiyo idara moja ya serikali ingeona wapenzi, nyingine ingeona watu wawili wasiohusiana. Afisa akiona hivyo ataamini ipi?

Kuoana kungerahisisha. Ontario haiulizi uraia wala makazi. Unachukua leseni ya ndoa, inadumu siku 90, unatafuta mfungishaji na mashahidi wawili. Mhasibu alikuwa tayari hata Jumatatu. Mpambaji ndiye aliyekataa, tena yule anayewapamba wenzake kila wiki. Alisema hawezi kukaa kwenye kiti cha bibi harusi halafu mama yake yuko Kijitonyama anapika hajui kitu. Wengine mtasema huo ni utoto. Lakini mwanamke aliyeshuhudia mama wa maharusi wakilia miaka yote hiyo, na kila mara akaenda kujifungia chooni, labda anajua anachokikataa.

Wakaenda kwa njia ya kuishi pamoja. Fomu ya kiapo, wote wawili wanaapa mbele ya ofisa. Kisha wakaanza kuchimba nyumba nzima.

Cha kwanza kupatikana kilikuwa cha kuchekesha. Mwaka wa pili mpambaji aliumwa jino la mwisho, taya limevimba, na bima ya kazini kwa mhasibu inalipia meno ya mwenza. Mhasibu alimwandikisha kimya kimya. Karatasi ya kwanza duniani kuandika ukweli wao ilikuwa ya daktari wa meno.

Halafu zikaja risiti. Mhasibu hatupi karatasi, ni ugonjwa wake. Mama wa Dar alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, nusu ya pesa ilitoka kwenye akaunti ya mhasibu, ikatumwa kwa simu kwa awamu nne. Kila awamu ina tarehe. Upande wa pili, ada ya chuo ya mdogo wake mhasibu kule Mombasa ilikuwa inalipwa na mpambaji, mihula mitano. Wakazipanga kwa mwaka mezani, mpambaji akaanza kulia. Mama mkwe asiyejua kuwa ni mama mkwe ameshatunzwa kama mama mkwe muda wote huo.

Barua za mashahidi ndizo zilizowatoa jasho. Nani aandike, wakati hakuna aliyeambiwa? Wakashuka chini kwa mwenye nyumba, mama wa Kireno, mtu mzima, wanatumia mashine moja ya kufulia. Walijiandaa na maelezo marefu. Mama akawakatisha. Akasema miaka mitatu hajawahi kuona lile shuka la maua likifuliwa, sasa walikuwa wanadhani yeye anafikiria nini? Akaandika kurasa mbili kwa mkono.

Kurekebisha kodi za miaka miwili, kuandika barua ya maelezo kwa nini mwanzo walijaza tofauti, hayo ni ya kuchosha tu na yalifanyika. Cha maana ni pointi. Ili zile zilizokatwa zirudi, ilibidi mpambaji akakae mtihani wa Kiingereza, ambao kwa mwenza unaweza kuleta hadi pointi 20. Mtu ana brashi mkononi kumi na mbili za usiku wa harusi, sikioni anasikiliza mazoezi ya mtihani. Maharusi walidhani ni muziki.

Alifanya vizuri. Mwaliko ulipotoka, walikuwa na siku 60 tu za kupeleka kila kitu, pamoja na vipimo vya afya na vyeti vya polisi vya nchi zote mbili. Alama za vidole za mhasibu zilitumwa Kenya, na wa kuzipeleka Nairobi alikuwa yule mdogo wake wa ada. Aliambiwa ni mambo ya kazi. Cheti kilipotoka akakipiga picha, akatuma, na chini yake akaandika: "Tayari dada. Msalimie shemeji." Mhasibu aliisoma, akampa simu mpambaji bila kusema kitu. Hawakumuuliza amejuaje. Mpaka leo hawajamuuliza.

Maombi yalikwenda siku ya 57. Kibali cha mhasibu kilipokaribia kuisha akaomba kile cha kumshikilia aendelee na kazi wakati PR inasubiriwa, akakipata. Cha masomo cha mpambaji bado kinaishi. Mama wa Dar bado hajaambiwa, na mpambaji anasema atamwambia akienda mwenyewe, uso kwa uso, siku atakayokuwa na kadi ya kumrudisha Kanada mfukoni. Kama ataambiwa kweli ni suala lingine.

Wiki iliyopita ikaja barua. Wote wawili walishika moyo. Kumbe ni watu wa kodi: kwa kuwa mpambaji sasa anatambulika ana mwenza, mapato yao yamehesabiwa pamoja, na ile ruzuku ya kodi ya mauzo aliyokuwa anapewa kama mtu wa peke yake hakustahili, airudishe. Mpambaji alianza kulalamika, pesa yenyewe alishanunulia poda. Mhasibu alilipa jioni ile ile, kisha akatoa nakala ya barua na kuiweka kwenye faili la ushahidi.