Siku moja ya kupumzika Kalemie

Niko njiani na baiskeli, kutoka Moba kwenda Nyunzu, kuwatembelea ninyi mnaotusikia vijijini. Jumapili nilipumzisha miguu Kalemie. Watu wengi hupita mji huu wakikimbilia boti au treni. Mimi nilikuwa na siku nzima, nikautembea polepole.

Wazee wanakumbuka bado ulipoitwa Albertville. Barabara kubwa inafuata ziwa, na kituo cha reli iendayo Kabalo kimekuwepo tangu 1915. Nilifika pia Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika. Maji yale yanakwenda Lualaba, mpaka mto Kongo, mpaka baharini.

Sokoni niliona ndagala wakianikwa, na wanaume wakisukuma baiskeli zenye bidoni za mawese. Fundi aliyenikazia mnyororo alishangaa: "Papa, unapanda kinga bila mzigo? Basi wewe unatembea tu!" Tulicheka. Huku baiskeli ndiyo lori ya maskini.

Karibu naye mama mmoja alikuwa anauza sombe. Alikimbia kijiji chake, kwenye njia ya Nyunzu, wakati wa mapigano ya jamii yaliyozuka tena 2016. Anakaa kwa familia iliyompokea, watu wengi katika vyumba viwili. Nilipomwambia kwamba leo ninapumzika, akanijibu:

"Mwanangu, wewe unapumzika kwa sababu kesho unaondoka. Sisi tumekaa miaka, lakini hatujapumzika."

Sikupata la kumjibu. Mara nyingi tunasema waliohama "wamekaa tu" wakingoja msaada. Lakini mama yule huamka kabla ya jua, hutafuta majani, huyatwanga, huuza, na jioni hugawana bukari na wenyeji wake. Kupumzika ni kwa mtu anayejua atalala wapi kesho.

Hakuniomba pesa. Aliniomba jambo moja: nikipita kwao, niangalie kama mashamba yamelimwa, na kama kuna moshi wa jikoni asubuhi. Hiyo ndiyo habari anayoitaka kabla ya kuamua kurudi.

Basi safari hii ina kazi mpya. Ninyi pia mliohama, tutumieni majina ya vijiji vyenu vilivyo kwenye njia hii. Nitakachokiona kwa macho yangu, kizuri au kibaya, nitakisema redioni.