Taa, Kengele na Nazi: Ibada ya Nyumbani kwa Wahindu wa Bujumbura

Msafiri atokaye Kigoma kupitia Manyovu, kisha akaifuata barabara ya Nyanza-Lac na Rumonge, huwa na Ziwa Tanganyika mkono wake wa kushoto hadi aingiapo Bujumbura. Mji huu uliitwa Usumbura hadi Burundi ilipopata uhuru, Julai 1, 1962. Tangu 2019 mji mkuu wa siasa ni Gitega, lakini biashara haikuhama. Buyenzi atasikia Kiswahili kila uchochoro, na katika Mtaa wa Waasia ataona maduka ambayo wenyewe asili yao ni Gujarati na Kachchh, magharibi ya Bara Hindi.

Wafanyabiashara wa Kihindi walifika hapa tangu enzi za Wajerumani, kabla Wabelgiji hawajautwaa mji 1916. Lakini tusichanganye mambo, ndugu msomaji: si kila Mhindi ni Mhindu. Wako Waislamu wengi, Waismailia na Wakhoja Ithnaasheri. Makala haya yanahusu Wahindu, ambao hekalu lao la kwanza ni pembe ya nyumba.

Pembe hiyo ni rafu au kabati dogo, lililowekwa mahali safi. Ndani yake mna sanamu au picha, iitwayo murti. Muumini haabudu shaba au karatasi. Huamini kwamba Mungu hukaribishwa humo kama mgeni mheshimiwa. Mara nyingi utamwona Ganesha mwenye kichwa cha tembo, aombwaye kwanza ili aondoe vikwazo, na Lakshmi, mlezi wa neema. Wakati wa Diwali, mwezi wa Oktoba au Novemba, wafanyabiashara wa Kigujarati huviombea baraka hata vitabu vyao vya hesabu.

Ibada yenyewe huitwa puja. Mama wa nyumba huoga, huvua viatu, kisha huwasha taa ndogo yenye utambi wa pamba na samli. Nuru ni elimu inayofukuza giza la ujinga. Mrundi atalielewa jambo la samli bila mkalimani, kwani salamu yake ya heshima, "Amashyo", ni dua ya kutakiwa makundi ya ng'ombe. Kengele hulia ili kumkaribisha Mungu na kuituliza akili inayotangatanga. Udi hufukizwa, na kafuri huwashwa. Kwa kuwa kafuri huungua pasipo kuacha majivu, ni mfano wa majivuno yanayopaswa kuteketea yote.

Halafu kuna chungu cha shaba chenye maji, kilichozungushiwa majani ya mwembe, na nazi juu yake. Hiki ni kalasha, alama ya uhai na baraka. Nazi ni tunda la pwani. Gumba lake gumu hulinganishwa na kiburi cha mtu; likivunjwa, hutokea weupe wa ndani. Unga mwekundu upakwao kwenye paji la uso huitwa kumkum, na kwa desturi hutengenezwa kwa manjano yaliyochanganywa na chokaa. Mchele utolewao sadaka sharti uwe mzima, usiwe chenga, kwa maana sadaka haitolewi pungufu. Mwishoni taa huzungushwa mbele ya murti, na waliohudhuria hupitisha viganja juu ya mwanga na kujigusa uso. Kisha matunda au vitamu vilivyotolewa hugawiwa wote: hiyo ndiyo prasadi.

Kwa nini askari na jamaa zake wayajue haya? Asiyejua maana haambiwi maana. Nazi, unga mwekundu, moshi na kengele, mtu mgeni akivikuta pamoja, aweza kupiga kelele za uchawi, na katika nchi zetu neno hilo limekwisha kuua watu wasio na hatia. Kelele ya mpita njia huzimwa na majirani wenye busara. Mwenye sare na silaha akikosea maana, ni nani atakayemzuia?

Iko pia alama ya swastika ichorwayo kwa rangi nyekundu mlangoni. Wengi huijua kwa bendera ya chama cha Hitler, ambacho kiliichukua 1920. Wahindu walikuwa nayo maelfu ya miaka kabla yake, na neno lenyewe la Kisanskriti lina maana ya heri. Mwenye nyumba hiyo anamtakia mema kila aingiaye, hata polisi aliyekuja na hati ya upekuzi.

Basi kwa aingiaye, kwa kazi au kwa ujirani, adabu ni chache. Vua viatu ukikaribia pembe ile. Kama wajibu unakuzuia kuvua, simama mbali na umwombe mwenye nyumba akuonyeshe vitu kwa mkono wake mwenyewe. Usiguse murti, wala usiipulize taa. Akina mama nao wakumbuke kuiweka taa mbali na pazia na mikono ya watoto. Na ukipewa prasadi, ipokee kwa mkono wa kulia. Haikufanyi kuwa Mhindu, kama vile pilau ya Idi isivyomsilimisha jirani Mkristo wa Buyenzi.