Wachoraji Wetu Wasio na Majina

Msomaji mpendwa, ukiombwa umtaje mchoraji mashuhuri wa zamani, utamtaja nani? Bila shaka utamtaja Leonardo da Vinci, aliyefariki mwaka 1519 na kutuachia Mona Lisa, picha inayolindwa nyuma ya kioo mjini Paris. Mpwa wangu anayesoma mjini Migori alipoulizwa swali hilo na mwalimu wake, alijibu vivyo hivyo, nami nikampongeza.

Mama yangu, aliyekuwa akichambua mboga kando yetu, akauliza: "Na wale wa Mfangano je?"

Sote wawili tukanyamaza.

Swali hilo ndilo lililotufanya tufunge safari. Jumamosi moja tulipanda matatu hadi Rongo, tukashika njia ya Homa Bay na kufika Mbita, kisha tukaabiri mashua hadi kisiwani. Mzee mmoja wa huko akatuongoza kupanda mlima, jasho likitutiririka, hadi kwenye mwamba uitwao Kwitone.

Nisikufiche, msomaji. Mwanzoni sikuona cha kunifurahisha. Ilikuwa miduara ya rangi nyekundu na nyeupe, mmoja ndani ya mwingine, na mingine yenye miale kama jua.

"Mjomba, ni haya tu?" mpwa wangu akaninong'oneza. Kwenye simu yake picha zilitoka hafifu. Nami, kwa kujifanya mjuzi, nikamwambia ayanyunyizie maji ya chupa ili rangi zikolee.

Mzee alimdaka mkono kabla kifuniko hakijafunguka. "Taratibu, mjukuu wangu. Maji huzing'arisha rangi hizi kwa dakika moja, kisha huziua." Akatueleza kwamba maji yakikauka huacha chumvi juu ya jiwe, na rangi hubanduka kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Aibu ilinishika. Mtoto alikuwa akitii tu. "Mzee, tusamehe. Ni mimi niliyemtuma," nikasema.

Hakunikaripia. Alituambia tuketi, tuweke simu mfukoni na kutazama. Macho yalipozoea kivuli, tukaanza kuona. Mtu fulani alisaga mawe yenye chuma akapata wekundu ule, akasimama pale tuliposimama, akazungusha duara juu ya jiwe lenye mikwaruzo bila penseli wala kifutio. Kisha akazungusha jingine ndani yake, nalo halikuligusa la kwanza. Jaribu wewe kwenye karatasi laini uone!

Watafiti huihusisha michoro hii na Watwa, wawindaji walioishi huku kabla ya mababu wa Wasuba kufika. Michoro ya jamii hiyo iko pia Kakapel huko Busia, Nyero nchini Uganda, na Chongoni nchini Malawi, ambako UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2006. Basi hawa hawakuwa watu wa kuchafua kuta kwa mchezo. Walikuwa mafundi, na ufundi wao ulienea mbali.

Pango la Lascaux nchini Ufaransa, lenye michoro ya kale, liligunduliwa mwaka 1940. Kufikia mwaka 1963 lilifungiwa wageni, kwa kuwa hata pumzi zao ziliidhuru michoro. Mfangano hakuna kioo. Wenyeji kwa vizazi vingi wameihusisha michoro yao na mvua, wakaiheshimu. Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa kioo chake, nami nilikuwa karibu kukivunja kwa chupa ya maji.

Mzazi, likizo ijayo wapeleke watoto. Kisiwani kuna jumba la makumbusho la Wasuba, na huku Migori kuna kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingia katika urithi wa dunia mwaka 2018. Wafunze kutazama bila kugusa, bila maji, bila kuandika majina yao.

Mpwa wangu hakumfuta Leonardo. Chini yake aliongeza: "Watwa wa Mfangano, majina hayajulikani." Alama atakazopewa ni shauri la mwalimu. Kwangu mimi, amepita.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.