Halo, dogo wa Kansay na mapendekezo yangu

Najua nimepotea. UE zilinibana koo, zikaisha, nikapanda basi la alfajiri hapa Dodoma, Kondoa, Babati, Makuyuni, Mto wa Mbu, nikapanda ule ukingo wa bonde mpaka Karatu, na jioni nikawa home Kansay. Nimerudi chuo juzi na udongo mwekundu bado umo kwenye begi. Sasa nina la kusema, na halihusu bumu wala sapu. Linahusu gemu. Wanaoona gemu ni utoto waniruke leo, tutaonana wiki ijayo.

Gemu yenyewe ni Halo. Kwa msioijua: askari mwenye deraya la kijani, pete kubwa inayoelea angani, viumbe wa sayari nyingine, risasi mtindo mmoja. Bungie waliitoa Novemba 2001 pamoja na Xbox ya kwanza, na ya kompyuta ikafuata Septemba 2003. Mimi nacheza hiyo ya 2003, tena toleo la kuonja lililotolewa bure, lenye uwanja mmoja tu wa mapambano: Blood Gulch. Msicheke jamani. Ilihitaji RAM ya megabaiti 128 tu, kwa hiyo hata laptopu ambayo fundi ameshaikatia tamaa inaiendesha.

Blood Gulch ni bonde. Ngome moja huku, ngome nyingine kule, katikati vilima na mawe. Unavuka, unaiba bendera ya mwenzako, unarudi nayo kwako. Basi.

Nyumbani tuna laptopu mbili: yangu ya chuo, na moja kuukuu aliyotuachia mjomba. Betri ya sola ikiwa imeshiba, mimi na mdogo wangu tunaziunganisha kwa waya wa mtandao, mita moja na nusu, magoti yanagusana. Hakuna bando, hakuna kujisajili, hakuna nywila. Dakika mbili tupo bondeni.

Niwaambie kuhusu dogo. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakukaa vizuri, na mwaka huohuo mimi nikapata chuo. Siku hizi msimu ukifika anashuka Mang'ola, ukanda wa Ziwa Eyasi, kwenye vibarua vya vitunguu. Nikifika nyumbani tunasalimiana vizuri, tunakula pamoja, halafu maneno yanaisha. Mimi nina stori za semina na koswek, yeye ana stori za magunia na bei ya shambani. Kila mmoja anaitikia "eeh" kwa adabu. Lakini tukiingia Blood Gulch tunaongea mpaka mama anaita kutoka jikoni: "Mnapigana huko?" "Hapana mama, tunacheza!"

Na ananipiga. Sio kwamba namwachia, ananipiga kweli. Wazee kwetu wanasimulia kwamba Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao kwenye mteremko, paa likawa sawa na ardhi, adui apite asione kitu. Dogo anacheza hivyohivyo. Anajibanza nyuma ya jiwe, anakuacha ubebe bendera mpaka karibu na kwako, halafu bastola tatu za kichwa. Krismasi iliyopita alimaliza likizo akiwa mbele kwa mechi tisa.

Sasa kisa. Niliporudi chuo tukasema tuendelee kwa intaneti. Kuna programu za kufanya kompyuta zilizo mbali zijione kama ziko chumba kimoja, nikamwelekeza kwa simu, akaweka. Usiku dogo akabeba laptopu mpaka kilimani nyuma ya nyumba, ambako simu inashika vizuri, akawasha hotspoti. Mimi huku bwenini, chai pembeni. Nikapima pingi: milisekunde 340. Mara 410. Mara 900.

Kwa wasio wa IT: pingi ni muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Kutoka Dodoma mpaka Kansay kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 300, na mwanga ndani ya waya wa fiba hukata umbali huo kwa milisekunde moja na nusu hivi. Umbali peke yake si tatizo. Kinachochelewesha ni mnara ulio mbali, watu wengi kuung'ang'ania jioni, na ujumbe kuzungushwa huko na huko kabla haujafika. Halo ya 2003 haisamehi hilo. Risasi yako inahesabiwa pale ilipofika kwa mwenyeji wa mechi, kwa hiyo mwenye pingi kubwa lazima alenge mbele ya mtu, mahali atakapokuwa nusu sekunde ijayo. Mwenyeji nilikuwa mimi. Pingi yangu, sifuri.

Dogo alikufa mara kumi na nne. Mimi mara tatu. Nikaanza kukosa makusudi. Nikasimama wazi kama ng'ombe malishoni, nikajifanya nahangaika na gari. Akaniua mara mbili, akanyamaza, akatoka kwenye mechi. Baadaye ikaingia meseji: "Bro usinihurumie. Huku nilikupiga kihalali."

Wadau, iliniuma. Maana alichosema hakikuwa cha gemu peke yake.

Ndiyo nikakaa kuandika haya mapendekezo. Studio inayotengeneza Halo siku hizi, ambayo tangu Oktoba 2024 inaitwa Halo Studios, ilitangaza Oktoba 2025 kwamba inaitengeneza upya ile ya kwanza, ila kampeni tu, bila mapambano ya mchezaji kwa mchezaji. Sawa. Basi atakayekuja kutengeneza mapambano mengine asikie haya kutoka Kansay.

La kwanza: kucheza bila intaneti kabisa kuwe haki ya kila toleo. Waya mmoja, kompyuta mbili, mchezo uanze. Mwaka 2003 iliwezekana, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia ni sayansi ngumu.

La pili: kugawa skrini kurudi, na kusiwe kwa wenye konsoli peke yao. Halo 5 ya 2015 ilikuondoa, mashabiki wakalalamika, mwaka 2017 tukaahidiwa kwamba hakutakosekana tena. Septemba 2022 tukaambiwa kampeni ya Halo Infinite haitakuwa nako. Wanaofanya maamuzi hayo nadhani kila mtu kwao ana skrini yake. Kwetu skrini moja ina watu sita, wanne wanasubiri zamu na wote ni makocha.

La tatu, na hili ndilo langu hasa: kwenye mechi za marafiki kuwe na kitufe cha kusawazisha pingi. Mwenzangu ana 340, mimi nina sifuri, basi nikubali kuongezewa 340. Wote tulenge mbele, wote tukose kwa haki. Najua mtasema mchezo utakuwa mzito kwa wote. Ni kweli, na kwa mashindano ya kupanda daraja haifai hata kidogo. Lakini kati ya ndugu wawili, mzito kwa wote ni bora kuliko mwepesi kwa mmoja. Na kitufe kionekane na kila mtu, isiwe siri. Nilichofanya mimi kilikuwa usawazishaji wa siri, na siri ndiyo iliyomdhalilisha.

La nne: uzito. Mapambano ya Halo Infinite yalitolewa bure Novemba 2021, asante sana, ila yanataka RAM ya gigabaiti 8 kwa uchache na nafasi ya gigabaiti 50. Bure hiyo inakula bando la miezi. Watoe toleo jepesi, picha za kawaida, viwanja vichache. Sisi tumeishi miaka na kimoja.

La tano: tuweze kutumiana viwanja kwa faili dogo, hata mkononi kwa flashi, bila kupitia seva. Halo 3 ya 2007 ndiyo iliyoleta Forge, sehemu ya kujitengenezea uwanja, na Infinite iliipata Novemba 2022. Dogo ana kichwa cha mambo hayo. Ningempa Forge angetengeneza Kansay yote, na adui wangetembea juu ya paa bila kujua.

Basi ndiyo hayo. Meseji yake ile sikuijibu siku tatu, sikujua niseme nini. Mwishowe nikaandika ukweli: "Samahani dogo. Nilikuachia. Sirudii." Kimya siku mbili, nikajua tayari kashuka Mang'ola, hataki hata kuniona. Jana usiku simu ikalia, meseji:

"Desemba njoo na waya mrefu. Ule mfupi unanichungulia skrini."

Leo nimenunua wa mita kumi. Haya wadau, kipindi saa mbili na sijapiga pasi. Alamsiki.