Kutoka Platini hadi Nyaya za Chungwa

Gari nililojifunzia ufundi ni Toyota Corolla KE70, ile ya injini ya 4K yenye kabureta na platini. Katikati ya miaka ya 1990 magari hayo yalikuwa yameshatumika sana, lakini Dar es Salaam ilikuwa bado imejaa nayo. Gereji ya mjomba wangu ilikuwa Ilala, uwanja mtupu chini ya mkungu, si mbali na maduka ya spea za mtumba ya Shaurimoyo. Hapakuwa na ukuta wala shimo la kuingilia chini ya gari. Palikuwa na jeki, magogo ya kuegeshea, sanduku la spana na benchi la wateja. Mimi nilikuwa spanaboi.

Ugonjwa uliotuletea wateja wengi ulikuwa gari kumisi. Mjomba hakuuliza mengi. Alifungua boneti, akaagiza gari liwashwe, akasikiliza. Kisha alichomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inaunguruma. Ukichomoa waya na mlio usibadilike hata kidogo, silinda hiyo ndiyo haifanyi kazi. Hapo ndipo plagi ilipofunguliwa na kusomwa. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli inazidi. Ikiwa imelowa oili, ringi zimekwisha au sili za valvu zimechoka. Ikiwa imepauka kupita kiasi, hewa inazidi au injini inapata joto kali.

Mara nyingi kosa lilikuwa kwenye platini. Vile vichwa viwili vidogo ndani ya distribyuta viligusana na kuachana kila plagi ilipotakiwa kutoa cheche, na kila vilipoachana viliungua kidogo. Kondensa ikichoka, viliungua haraka zaidi. Tulivisugua kwa msasa laini, tukazungusha injini hadi viachane kabisa, kisha tukapima uwazi wake kwa fila geji: milimita 0.45. Fila geji ilikuwa moja tu gereji nzima na mjomba aliifunga ndani ya kitambaa chenye oili isipate kutu. Mafundi wa jirani walitumia kipande cha boksi la kiberiti, na gari liliwaka, lakini baada ya muda mfupi lilirudi likimisi. Mjomba alikuwa mkali katika hilo. “Mjomba, usikisie,” aliniambia, kwa maana yeye aliniita mjomba kama nilivyomwita yeye. “Pima, halafu ndiyo ufunge.”

Kabureta nayo ilikuwa na karaha yake. Petroli ilikuja na uchafu, uchafu ukaziba jeti, gari likakata njiani. Tulifungua, tukaosha kwa petroli, tukapuliza jeti kwa mdomo. Tulinyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi. Jioni tuliosha grisi mikononi kwa petroli hiyo hiyo. Na petroli ya wakati ule ilikuwa na madini ya risasi, ambayo kwa namna ilivyochanganywa hupenya hata kwenye ngozi. Nchi za Kusini mwa Sahara ziliiacha rasmi kuanzia Januari 2006. Nikiwakumbuka wavulana wa rika langu, wengine wadogo kuliko mimi, wakijaza petroli mdomoni na kuitema, nasikia uchungu. Hakuna aliyetuambia. Mpaka leo nikimwona kijana ananawa petroli, hata isiyo na risasi, namnyang'anya kopo na kumpa sabuni ya unga.

Risasi hiyo hiyo ilitusumbua kwa njia nyingine. Magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika, mengi yalikuja na masega ya kusafisha moshi kwenye bomba lake, na masega hayavumilii risasi, wala sensa ya oksijeni haiivumilii. Mafundi wengi wakazoea kuyabomoa na kuacha kopo tupu. Desturi hiyo imeendelea miaka mingi baada ya sababu yake kuondoka, na sasa masega hayo hayo yanauzwa kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo.

Magari hayo ya Japani ndiyo yaliyobadilisha gereji yetu. Corolla 110, Starlet, Carina, baadaye GX100: mengi yake hayakuwa na kabureta, na platini hayakuwa nayo kabisa. Yalikuwa na sensa, nozeli na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kwa mara ya kwanza nilimwona mjomba akisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa bila kujua aanzie wapi. Mafundi wengi waliitikia mabadiliko hayo kwa kubadilisha vifaa: leo plagi, kesho pampu ya petroli, keshokutwa nozeli, mpaka mwenye gari aishiwe fedha. Na zile mbinu za zamani zikageuka hatari. Tulizoea kupima alteneta kwa kuchomoa terminali ya betri gari likiwa linaunguruma. Likizimika, alteneta haichaji. Kwenye KE70 mara nyingi ulinusurika. Kwenye gari lenye kontroli boksi, umeme wa alteneta hupanda ghafla pasipo betri ya kuupokea, na boksi linaweza kuungua hapo hapo.

Aliyetufungua macho ni kijana wa umeme wa magari aliyesoma VETA Chang'ombe. Alitafuta ndani ya boneti kiboksi cheusi chenye kifuniko, akakifungua, na upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na herufi za kila tundu. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha TE1 na E1, akafungua swichi bila kuwasha gari. Taa ya cheki injini kwenye dashibodi ikaanza kuwaka na kuzima kwa mpangilio. Mara mbili, ikapumzika, kisha mara mbili tena: 22, njia ya sensa ya joto la maji. Mbili na moja ni sensa ya oksijeni. Nne na moja ni sensa ya mkao wa throto. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina kosa lolote ililolihifadhi. Mjomba alimwomba arudie, kisha akarudia mwenyewe, kisha akaniamuru niandike namba zote kwenye daftari la gereji. Alikuwa mtu mzima mwenye wateja na jina, na alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akifundishwa na kijana. Nilimheshimu siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Lakini taa hiyo haikumaliza kila kitu. Ilikuja Corolla moja iliyokunywa mafuta vibaya ikienda mwendo wa barabara kuu, na ikachemka kwenye foleni ya jioni. Plagi zilishabadilishwa kwingine, rejeta ilishazibuliwa. Tukaunganisha waya, taa ikapepesa mfululizo: hakuna kosa. Kijana wa umeme akapima sensa ya joto la maji. Injini ikiwa baridi ilisoma kati ya omu 2,000 na 3,000, kama inavyotakiwa. Sensa ilikuwa nzima. Ndipo mjomba alipoagiza gari liwashwe na kuweka kiganja chake kwenye rejeta. Rejeta ilianza kupata vuguvugu tangu mwanzo, ikapanda polepole pamoja na injini. Gari lenye thamostati haliko hivyo. Maji hubaki ndani ya injini hadi yafike nyuzi 82 hivi, ndipo mlango unafunguka na rejeta inapata moto.

Thamostati ilikuwa imeng'olewa. Hiyo ilikuwa desturi ya mji mzima, na mjomba naye aliifuata: nchi yetu ni ya joto, kifaa hicho ni cha wazungu wa kwenye baridi. Kwenye injini ile, ukiing'oa, gari linapokimbia maji hupoa kupita kiasi, sensa inaripoti baridi kwa ukweli kabisa, na kompyuta inaongeza mafuta kama ilivyofundishwa. Na thamostati nyingi za Toyota zina kizibo cha pili kinachofunga njia ya mkato ya maji. Isipokuwepo, sehemu ya maji huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na kwenye foleni injini inachemka. Magonjwa mawili yanayoonekana kupingana yalikuwa na sababu moja. Tulifunga thamostati mpya na yote mawili yakaisha. Mjomba hakung'oa nyingine tena, na wateja wa zamani waliopita aliwafungia bila kudai ufundi.

Leo mashine ya kupima inachomekwa chini ya usukani na namba zinasomeka kwenye simu. Naifurahia na naitumia kila siku. Kinachonikera ni kuona namba ikigeuzwa orodha ya manunuzi. P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Haisemi nunua sensa ya oksijeni. Mara nyingi nimekuta mpira wa hewa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki na kidole kinafika. Vivyo hivyo gari linalowasha taa kumi kwenye dashibodi na stata inayogonga tu bila kuzunguka: kabla ya kulaani kompyuta, pima betri. Iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, gari likiwaka inapaswa kufika kati ya 13.8 na 14.5. Kisha fuata waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Mjomba aliugusa baada ya kupiga stata. Ukipata moto kwenye kiungo, hapo pana kutu. Mimi naweka mita na kupima volti zinazopotea njiani. Jibu huwa lile lile, ila la kwangu naweza kumwonyesha mteja.

Sasa zinaingia Prius na haibridi nyingine za mtumba, zenye betri kubwa ya volti zaidi ya 200 na nyaya nene za rangi ya chungwa. Kwenye nyaya hizo mkono hauruhusiwi. Unazima gari, unaweka ufunguo mbali, unachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, unangoja dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta uishe, na bado unapima kabla ya kugusa. Mjomba amestaafu, lakini huja gerejini na kukaa benchi la wateja. Mwaka jana alituletea jozi ya glavu za umeme, na kila kijana anapotaka kuzivaa humwagiza kwanza azikunje mkononi, azibane hewa ndani, aziweke karibu na sikio, asikilize kama zinavuja.