Filamu Ndogo, Kamera Kubwa: Acheni Kuniambia Naharibu

Wasee, wacha niseme hii kitu mara moja alafu tuendelee na maisha. Kila nikiposti picha zenye matundu pembeni, lazima mtu atokee kwa komenti: "Unaharibu kamera ya mzee." Mwingine anauliza ni filta gani. Si filta. Na hakuna kitu inaharibika.

Kamera yenyewe ni Yashica-A, ile ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine, unaishika kifuani na kuchungulia kutoka juu. Ilikuwa ya guka. Ndiyo ilimlisha: picha za kitambulisho, harusi, ubatizo wa watoto. Alipoaga, iliwekwa kwa kabati ya vyombo ikafunikwa kitambaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kutushinda, nikarudi nyumbani, nikapata anko ashatafuta mnunuzi. Hoja yake ilikuwa moja tu: kamera bila filamu ni pambo, na pambo halilipi deni.

Na hapo hakuwa amekosea. Kamera hii inakula filamu ya 120, ile pana ya karibu sentimita 6, ambayo Kodak walianza kuiuza mwaka wa 1901. Bado inatengenezwa, lakini maduka yote niliyozunguka yalikuwa na 35mm pekee. Basi nikanunua hiyo.

Hivi ndivyo nafanya. Kile kikopo cha 35mm ni kifupi kwa ile nafasi, kwa hivyo nakikaza katikati kwa vipande vya malapa yaliyoisha. Ncha ya filamu naibandika kwa spuli tupu ya 120. Nyuma ya kamera kuna kidirisha chekundu cha kusoma namba za picha. Hizo namba huwa kwa karatasi inayofunika filamu ya 120, na 35mm haina karatasi. Kwa hivyo kidirisha nakiziba kwa tepu nyeusi, la sivyo mwanga utaingia uchome kila kitu. Kuhesabu ni kwa mkono: nilipima mizunguko kwa karatasi ya filamu nzee, alafu nikaongeza kidogo, juu bila karatasi spuli hubaki nyembamba na kila mzunguko unavuta filamu kidogo. Ikiisha, kamera haifunguliwi mchana. Nangoja usiku, naingia bafu, naziba mlango na blanketi, narudisha filamu kwa kikopo pole pole gizani. Anayenisafishia filamu namwambia asikate. Nakata mwenyewe.

Sasa, wanaosema eti napoteza lenzi nzuri, hebu tupige hesabu. Kwa kamera yake ya kawaida, 35mm hutoa picha ya milimita 24 kwa 36. Ndani ya Yashica, ile filamu yote inapigwa mwanga, hadi kwa matundu: 35 kwa 56. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Filamu ni ile ile, imepewa tu chumba kikubwa. Na si ujanja wa vijana wa mtandaoni. Mwaka wa 1958 Yashica wenyewe walitoa modeli inaitwa 635, iliyokuja na vifaa vyake vya kutumia filamu zote mbili. Rolleiflex nao walikuwa na kifaa chao, Rolleikin. Wenye kamera walijua zamani kwamba si kila mtu ana filamu kubwa.

Kitu kingine: kwa Yashica filamu hupanda kutoka chini kwenda juu, so picha inatoka imesimama, ndefu kama skrini ya simu. Mimi natengeneza kontenti ya simu. Manze, ni kama ilikuwa inaningoja.

Roli ya kwanza nilimpiga shosho, mlangoni, kutoka viatu hadi mabati. Alipoiona aliuliza, "Mbona umenitoboa-toboa?" Alafu akanyamaza, akaishika muda mrefu. Akasema guka alimpiga na hii kamera mara nyingi, lakini siku zote ilikuwa mabega na kichwa, za kitambulisho. Filamu ilikuwa ya wateja, haikuwa ya kuchezea. Hakuwahi kumpiga akiwa mzima, amesimama kwake.

Hiyo picha sasa iko ukutani. Anko hajasema kamera haiuzwi, lakini mnunuzi hatajwi tena mezani.

So kama kwenu kuna kamera kama hii kwa kabati, msiiuze kwa bei ya chuma kuukuu juu ya filamu pekee. Bonyeza shata usikie kama inalia. Angalia lenzi kama ina ukungu. Kama iko sawa, tafuta tepu nyeusi na malapa ya zamani, alafu umpige mtu wa kwenu angali yuko.