Bolti Iliyogoma



Juma hili tafakari yetu inatoka uvunguni mwa gari. Ninyi mnaoifahamu barabara ya kutoka Lushoto kuelekea Mombo mnajua kwamba mtu haiteremki kwa breki za kubahatisha. Gari la parokia lilikuwa limeanza kusaga chuma kwa chuma, fundi wetu wa kawaida alikuwa msibani, na Jumapili kigango cha bondeni kilitungoja kwa Misa. Basi Ijumaa mchana tuliweka mawe nyuma ya magurudumu, tukainua gari kwa jeki, tukalikalisha juu ya stendi, tukaanza kazi pale uani.

Pedi na diski mpya tulikuwa nazo. Ila diski ya zamani haitoki mpaka zifunguliwe bolti mbili zinazoishika kalipa kwa nyuma. Ya juu ilifunguka. Ya chini ilikataa katakata. Kijana wetu wa VIWAWA akaenda kutafuta bomba la chuma ili arefushe mkono wa spana. Hapo mzee mmoja wa jumuiya, fundi mstaafu, aliyekuwa amefika kwa shughuli nyingine kabisa, alivua kofia akasema, "Baba Paroko, mwambie mjukuu wangu aliache hilo bomba. Bolti hii ikikatikia ndani, Jumapili hamwendi popote."

Kisha akatueleza habari ya kutu. Kutu ni chuma kilicholiwa na maji na hewa, lakini huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kile kilicholiwa. Kwa hiyo bolti iliyoliwa hailegei, bali hubanwa zaidi na uchakavu wake yenyewe. Maneno hayo tulikaa nayo muda mrefu. Tunao katika parokia yetu ndugu wawili waliogombana kwa ajili ya mpaka wa shamba, hatua tatu tu za ardhi, na leo ugomvi umekuwa mkubwa kuliko shamba zima. Miaka sita sasa hawajapeana mkono wa amani.

Mzee alisugua kichwa cha bolti kwa brashi ya waya, akadondoshea mafuta ya kulainisha kutu, akakigonga kwa nyundo mapigo madogo madogo ili mafuta yapenye kwa mtetemo. Moto hakuutaka, kwa kuwa mpira wa breki ulikuwa karibu. Soketi ya pembe kumi na mbili aliiweka kando, akachukua ya pembe sita, ambayo hushika bapa za kichwa wala haivirigi pembe zake. Kisha tukaambiwa twende tukalale. Kijana alinuna, na sisi, tuseme kweli, tulikuwa bado tunalitazama lile bomba.

Jumamosi asubuhi alianza kwa jambo lililotushangaza: aliikaza. Kidogo tu, upande ule ule wa kukaza, mpaka ikalia "ka!" na kutu ikapasuka. Ndipo akailegeza robo mzunguko, akairudisha, akaongeza mafuta, akailegeza tena. Saa nzima ilikwenda hivyo, mbele na nyuma, bila haraka.

Kule kukaza kumetusumbua juma zima. Mara nyingi mpatanishi huanza na neno "sameheaneni" kabla mwenye kinyongo hajapewa nafasi ya kusema yote, hata yale yanayoongeza maumivu. Watu wanaogopa kwamba akisema atakaza zaidi. Huenda atakaza kweli.

Bolti ilitoka saa sita. Meno yake yalikuwa yameliwa, tukanunua nyingine. Diski ikafutwa mafuta yote, maana mafuta na breki havikai pamoja. Jumapili tuliteremka kwa gia ndogo, tukafika kabla ya wimbo wa mwanzo.

Wale ndugu wawili wamekubali kukutana Jumatano ijayo, si ofisini kwetu, bali uani kwa mzee huyo huyo. Wao amewaita saa nane. Sisi ametuomba tusifike kabla ya saa kumi.